Lenzi Ambayo Haikuwapo

Kazi yangu ni kubadilisha vitu. Napakia mabeseni na ndoo mpya kwenye pikapu, napanda mashamba ya juu, Bahati, Dundori, Subukia, na kwa kila beseni ninaloacha nashuka na kitu ambacho mwenyewe amechoka kukiruka sebuleni: pasi ya makaa, redio iliyonyamaza, kiti cha mbao nzito kilichoachwa na mzungu na kukaliwa na vizazi viwili vya watu wasiokipenda. Vitu hivyo naviuzia Bondeni, huko mjini, kwenye kibanda chenye milango miwili, mmoja wa kuingiza wateja na mwingine wa kuwakimbia. Nahesabu kila kitu mara mbili, kwanza kwa macho kisha kwa mkono, kwa sababu macho yana haraka.

Nasema haya ili ijulikane kwamba sikudanganywa na mtu. Nilichofanya Dundori nilikifanya mchana, nimekunywa chai, nimeshiba.

Ilikuwa kwa shosho mmoja, bibi mzee, mjane wa mwalimu wa sayansi. Mwalimu alikuwa amezikwa mwaka mmoja nyuma, na mtoto wao aliyeko Nairobi alitaka stoo ifunguliwe, vitu vya marehemu viondoke, chakula cha ng'ombe kiingie. Shosho alinikaribisha vizuri. Alikuwa na ng'ombe watatu na mtu mmoja wa kuwakamua, mwanamume wa miaka hamsini hivi, gambuti za mpira hadi magotini, ambaye alikuwa ameishi kwenye boma hilo miaka zaidi ya ishirini. Yeye ndiye aliyetutolea vitu stoo, kimoja kimoja, akivipangusa kwa mkono kabla ya kuviweka chini, kama mtu anayeaga.

Cha mwisho kilikuwa bomba refu la bati, rangi ya maziwa, nene kuliko paja langu, limekaa juu ya kisanduku cha mbao kinachozunguka. Mdomo wake ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa cha gunia kilichoshonwa kikawa kama kofia.

"Na hii?"

"Hiyo ni darubini ya mwalimu," shosho akasema. "Alikuwa akiitoa hapa nje, watoto wa shule wanaangalia mwezi. Mimi sijawahi kuangalia. Nilikuwa jikoni nawapikia chai."

Sasa, mimi nilikuwa nimewahi kuuza darubini. Moja. Na mtu aliyeuza kitu kimoja mara moja hujiona bingwa wa kitu hicho. Ile yangu ilikuwa ndogo, ya shaba, mbele ina lenzi nene kama kisahani, nyuma ina kitundu cha jicho. Unaielekeza unakotaka, unachungulia kwa nyuma, kwisha. Kwa hivyo nilivua ile kofia ya gunia, nikainama mbele ya bomba la mwalimu, nikatafuta lenzi.

Hakukuwa na lenzi. Mdomo ulikuwa wazi kama wa pipa. Nilipitisha mkono nikaukuta kweli upo wazi. Ndani, karibu na mdomo, kulikuwa na kipande kidogo kinachong'aa, kimeshikwa na vyuma vyembamba, kimekaa kikiwa kimeinama. Na chini kabisa, mwisho wa bomba, kulikuwa na kioo cha kujitazamia, cha mviringo, saizi ya kifuniko cha sufuria. Nikachungulia nikaona pua yangu mwenyewe imejaa humo ndani, kubwa kama kiazi cha Molo.

"Shosho," nikasema, "hii imetolewa macho. Lenzi ya mbele imeibwa. Kilichobaki ni bomba na kioo cha kunyolea ndevu."

Shosho akashika kifua. Lakini yule mtu wa ng'ombe akasonga mbele. "Hapana, mama. Hiyo haina lenzi mbele. Imekuwa hivyo tangu ije. Mwalimu alikuwa anaangalia hapa kando." Akaonyesha kijibomba kifupi kilichochomoza ubavuni, karibu na mdomo.

Nilicheka. Na si kile kicheko cha biashara ambacho hutoka mdomoni tu. Nilicheka hadi nikashika mlango wa stoo.

"Kando? Wewe wa ng'ombe, hiyo ulisomea wapi? Mtu akitaka kuona mbele anaangalia mbele. Ukiangalia kando utaona tu choo ya jirani."

Shosho naye akacheka, ameziba mdomo kwa kitambaa. Yule mtu hakucheka. Aliingia stoo akarudi na kopo la kahawa, akalifungua mbele yetu. Ndani, zimefungwa kwa pamba, mlikuwa na lenzi mbili ndogo, kila moja ndani ya kikombe chake cheusi, saizi ya kifuniko cha chupa.

"Hizi ndizo za kuwekea jicho," akasema. "Zinaingia hapa kando. Nipeni nusu saa tu. Nitaitoa nje, nitawaonyesha ile mlingoti ya simu iko kule juu ya mlima. Mtahesabu hadi waya."

Nilitazama juu. Mawingu yalikuwa yanashuka, na barabara ile ikinyeshewa pikapu hushuka yenyewe bila kuuliza dereva. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Ile nyingine niliihesabu kimoyomoyo, mara mbili: kitu hiki kikionekana kinafanya kazi, bei inapanda, kikionekana hakifanyi, nimepoteza nusu saa. Hakuna upande ambao ulinifaa. Kwa hivyo hakikupimwa.

Nikachukua moja ya zile lenzi ndogo, nikaigeuzageuza mbele ya shosho.

"Unaona? Mwizi mwenyewe hana akili. Amebeba ile kubwa, ameacha hizi ndogo." Kisha nikauliza swali ambalo mpaka leo natamani ningekohoa badala yake. "Kwani hii kitu ilikuwa inabebwa na nani?"

Shosho alishusha kitambaa chake. "Ni yeye tu," akasema, na akageuza kichwa akamtazama yule mtu kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akimtazama tangu nifike.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema neno. Ningeweza kusema labda nimekosea, mimi ni wa mabeseni, nimeuza darubini moja tu. Badala yake niliinama nikaanza kupanga mabeseni kwenye nyasi, nikijifanya nayahesabu, na nilikuwa nikiijua idadi yake vizuri sana. Shosho alikuwa ametaka manane na ndoo kubwa. Nilimwachia manne na ndoo isiyo na kifuniko. Yule mtu ndiye aliyenisaidia kupakia. Aliirudisha kofia ya gunia kwenye mdomo wa bomba, akaifunga kamba vizuri, akaniambia, bila hasira, "Usiguse kioo cha ndani kwa kidole." Nikamjibu, "Sawa, profesa."

Bondeni niliisimamisha pembeni ya kibanda. Ile kofia ya gunia niliivua nikawa napangusia meza. Ndani ya bomba niliweka fito za mapazia, kwa sababu urefu wake ulifaa. Wiki moja baadaye shosho akapiga simu.

"Mwanangu, ukiona hiyo lenzi mahali hapo sokoni, niambie."

"Sawa, shosho."

"Nilimfukuza. Alikataa kabisa, akaapa kwa jina la mwalimu. Nikasema hapo kwa maziwa, kila mtu akasikia."

Hapo kwa maziwa ni kituo cha kukusanyia maziwa, kando ya barabara, ambapo kila asubuhi watu wa mtaa ule hupanga mitungi yao na kungoja lori. Hakuna tangazo linalolishinda lile. Ukisemwa pale saa kumi na mbili na nusu, saa moja jina lako limeshanunuliwa na kuuzwa.

"Akaenda Naivasha kutafuta kazi kwa mashamba ya maua," shosho akaendelea. "Lakini msimamizi wa huko ni wa kanisa letu. Nikampigia. Sitaki aibie mtu mwingine."

"Pole, shosho," nikasema. "Dunia imeharibika."

Nilisema hivyo. Na jioni hiyo niliwasimulia wenzangu wa vibanda jinsi nilivyomkamata mwizi wa lenzi kwa kuchungulia bomba tu, na wakasema macho yangu ni hatari, na mimi nikakubali.

Aliyenivua hayo macho alikuwa mwalimu wa fizikia wa shule moja ya sekondari ya mjini, mwanamke mfupi, mkoba begani, anayeuliza bei kama anayesahihisha mtihani. Alikuja kutafuta kabati. Akaiona darubini, akaacha kabati.

"Kwa nini umeweka fito humu?"

"Ni ya fito, madam. Haina lenzi."

Akatoa zile fito moja moja, akaziegemeza ukutani kwa utaratibu, akachungulia ndani kwa tochi ya simu. "Mshukuru Mungu hazikukigusa kioo," akasema. "Zilisimama pembeni, kwenye ukingo. Dada, hii haina lenzi mbele kwa sababu haihitaji. Hii ni ya kioo."

Nikamwambia kuhusu ile yangu ya shaba. Akaketi kwenye kiti cha mzungu, akanieleza polepole, kama mtu aliyezoea wanafunzi wa nyuma ya darasa. Darubini ziko za aina mbili, akasema. Ile ya shaba ni ya lenzi: mwanga unaingia kwa mbele, unapita katikati ya lenzi, na ukipita unapindishwa, mpaka miale yote inakutana karibu na jicho lako, huko nyuma. Ndiyo maana unachungulia kwa nyuma. Hii nyingine haipitishi mwanga mahali. Mwanga unaingia kwenye mdomo ulio wazi, unasafiri mpaka chini, unakigonga kile kioo, na kwa sababu kioo kimechimbika katikati kama karai, kinaurudisha juu ukiwa umekusanyika. Kabla haujatoka nje unakutana na kile kioo kidogo kilichoinama, nacho kinaugeuza kuelekea ubavuni.

"Kando," nikasema.

"Kando. Ungechungulia kwa mbele, kichwa chako kingezuia mwanga wote."

Alieleza mengine pia: kwamba lenzi huutawanya mwanga kidogo, ukaona nyota ina rangi pembeni kama mafuta kwenye dimbwi, na kioo hakifanyi hivyo, kwamba lenzi kubwa hushikwa pembeni tu, ikizidi uzito inajipinda yenyewe, ila kioo unaweza kukitegemeza kwa nyuma kote, na ndiyo maana zile darubini kubwa kabisa duniani zote ni za kioo. Nilikuwa namsikia na simsikii. Akaniuliza kama kulikuwa na vilenzi vidogo. Nikatoa lile kopo la kahawa chini ya meza. Akatia kimoja pale kando, akaelekeza bomba kwenye paa la ghorofa moja ya mbali, huku akinionya nisije nikalielekeza kwenye jua hata siku moja. Akasokota kidogo, akasogea.

Niliweka jicho. Ilikuwa kamba ya nguo, ghorofa nne juu, na ilikuwa juu chini: nguo zinaning'inia kuelekea mbinguni. Madam akasema hiyo ni kawaida yake, kwa anayetazama nyota haina shida. Nilihesabu vibanio vya nguo. Kumi na kimoja. Nikahesabu tena. Kumi na kimoja. Kimoja kilikuwa kimevunjika mguu.

"Hii ilikuwa ya nani?" akauliza nyuma yangu. "Kwa sababu unajua, hiki kioo kimepakwa rangi ya kung'aa juu, si kwa nyuma kama kile cha nyumbani. Ukikipangusa mara chache tu, kwisha kazi. Na hiki ni kisafi. Kuna mtu alikuwa akikifunika na anajua hakipaswi kuguswa."

Mkononi nilikuwa nimeshika ile kofia ya gunia, imejaa madoa ya chai.

Ningependa kuandika kwamba nilipanda Dundori siku hiyo hiyo. Nilikaa siku kumi na tisa. Nilizihesabu mara mbili, nikitumaini mara ya pili zitapungua. Siku za kwanza nilijiambia sikumwita mtu yeyote mwizi. Nilisema tu lenzi imeibwa, na anayetoa jina la mwizi ni shosho. Halafu nikajiambia kwamba mtu wa ng'ombe hupata ng'ombe wengine. Halafu nikaanza kusema kwamba hata wao walikuwa pamoja zaidi ya miaka ishirini, kwa nini shosho amwamini mgeni wa mabeseni? Hoja zote zilikuwa nzuri. Mimi ni mtu wa kupatana bei, naweza kupatana na mtu yeyote, na katika siku hizo nilipatana na nafsi yangu hadi ikakaribia kukubali. Ila kila nikifungua kibanda, lile bomba lilikuwa limesimama pale.

Madam alirudi na gari la shule na wanafunzi wawili wa kubeba. Tulikuwa tumeshakubaliana kwa simu, na alikuwa ameniahidi zaidi ya nilichotarajia. Mmoja alikuwa ameshashika kisanduku, mwingine mdomo wa bomba, nami nikaelewa kwamba kikiondoka kitu hiki, kimeondoka kile pekee kinachoweza kumrudishia yule mtu jina lake. Neno langu lisingetosha. Neno langu ndilo lililomwondolea.

"Haiuzwi," nikasema.

"Dada, tumekubaliana!"

"Najua. Nimekosa. Haiuzwi."

Aliniita jina ambalo walimu hawapaswi kulijua, na wanafunzi wake wakacheka. Nilistahili.

Kesho yake nilikuwa kwa shosho saa nne asubuhi. Sikumwambia neno. Niliishusha darubini kwenye nyasi, nikatia kilenzi, nikahangaika karibu nusu saa kuutafuta ule mlingoti wa simu, kwa sababu mimi si fundi na kila nikisukuma kushoto picha inakimbilia kulia. Nilipoupata nikamwita. Shosho aliinama, mkono mmoja mgongoni, akaweka jicho pale kando. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Imepinduka," akasema.

"Ndivyo ilivyo, shosho."

"Naona hata ndege amekaa kwa waya." Hakuondoa jicho. "Lenzi ulipata wapi?"

"Hakukuwa na lenzi. Haijawahi kuwa nayo. Alivyosema yule mtu wako wa ng'ombe ndivyo. Inaangaliwa kando."

Alijiinua polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata nimeyapanga majibu, lakini shosho alitazama tu kibanda cha ng'ombe, ambacho samadi yake ilikuwa imejaa hadi mlangoni.

"Wewe ndiye uliniambia."

"Ni mimi."

"Na mimi nikasema. Nikasema kwa maziwa. Nikasimama hata kanisani nikaomba afichuliwe." Akafunga kitambaa chake upya kichwani. "Enda umlete. Mimi simu yangu hataishika."

Nilimpata Mai Mahiu, alikonielekeza shosho; kazi ya Naivasha alikuwa ameikosa. Dada yake ana kibanda cha chai karibu na pale malori yanapolala, na yeye alikuwa akiosha malori. Nilimwona kabla hajaniona: gambuti zile zile, amechuchumaa kando ya tairi, anasugua vumbi la bonde zima kwa brashi ya mkono. Nikasimama karibu naye. Maji machafu yakaja hadi kwenye viatu vyangu, sikusogea.

"Mzee," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Akainua macho. "Ah. Mama wa mabeseni. Umeleta ndoo?"

"Nimekuja kwa sababu ya darubini. Nimeangalia. Kando. Inafanya kazi. Nimemwonyesha shosho."

Akarudi kwenye tairi yake. "Mlingoti uliuona?"

"Niliuona."

"Na waya?"

"Na waya."

"Basi ni vizuri."

Nilimwambia mengine yote, kibanda, fito, madam, hata zile siku kumi na tisa, ambazo ningeweza kuziruka. Alisugua tairi lote, akahamia la pili, nami nikahama naye. Dereva wa lori aliyekuwa akinywa chai akapaza sauti, "Mzee, huyo mathe anakudai ama wewe ndio unamdai?" Watu wakacheka. Yeye akajibu bila kugeuka, "Tunahesabiana."

Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Kuniita mwizi, si wewe uliyeniita. Hilo najua. Lakini wewe ulicheka. Nilikuwa nimebeba hiyo kitu miaka kumi na nne. Mwalimu akiugua mgongo ni mimi niliyekuwa naitengeneza, naishikia watoto wakiangalia. Ndiyo kitu ya pekee ninayojua ambayo si ng'ombe. Na wewe ukaniuliza nilisomea wapi, mbele ya mama."

Nilimsogezea ndoo yake ya maji.

"Sirudi kwa sababu umekuja," akasema. "Ilisemwa kwa maziwa. Iseme kwa maziwa. Nitakuja kusikiliza."

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kituoni na darubini juu ya nyasi zenye umande. Watu walikuwa kama thelathini. Nilihesabu thelathini na wawili, kisha thelathini na watatu, kwa sababu yeye alikuwa amefika na kusimama nyuma kabisa, karibu na mti wa mkaratusi, mikono ndani ya koti. Shosho alikuwa mbele na mtungi wake.

Nimeuza mabeseni yaliyotoboka kwa watu waliokuwa wanayaona matundu. Asubuhi ile nilianza kwa kusogeza darubini ambayo haikuhitaji kusogezwa. Mama mmoja akauliza, "Leo ni kubadilisha na nini, mitungi ama ng'ombe?" na kicheko kikapita, na nikajikuta namshukuru maana kilinipa muda wa kutafuta neno la kwanza.

Nikawaambia. Nilisema nilikuja kwa shosho nikamwambia lenzi imeibwa, na hakuna kitu kilichoibwa. Nilisema kulikuwa na mtu mmoja pale anayeijua ile darubini, na alisema ukweli, na nilimcheka ili bei ishuke. Nilisema aliomba nusu saa athibitishe, nikamnyima, kwa sababu nusu saa ile haikunifaa. Kisha, kwa sababu walikuwa wananitazama tu na sikujua mtu humaliza vipi maneno kama hayo, nikaanza kuwaeleza darubini yenyewe.

"Kuna ya lenzi na kuna ya kioo," nikasema. "Ya lenzi mwanga unapita katikati. Hii ni ya kioo. Mwanga unaingia hapa mdomoni, unagonga hiki kioo kidogo, halafu unashuka kwa kile kikubwa…"

"Kikubwa kwanza," sauti ikasema kutoka nyuma.

Watu wote wakageuka.

"Unashuka kwanza mpaka kwa kikubwa," akasema, akitembea mbele. "Kikubwa ndio kinakusanya. Kidogo ni cha kugeuza tu, kutoa kando. Ukianza na kidogo hutaona kitu." Akainama, akatoa kilenzi nilichokuwa nimekitia, akapuliza, akakirudisha. Akalisukuma bomba kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa nimehitaji nusu saa. Yeye alichukua muda wa kuvuta pumzi mara mbili. "Njooni muone. Mmoja mmoja. Msiguse."

Wakaja wakapanga foleni na mitungi yao. Mwenye kupima maziwa aliacha mizani akaangalia. Mzee mmoja aliweka jicho, akapiga kelele kwamba mlingoti umeanguka, na yule mtu akamweleza kwa upole kwa nini picha imepinduka. Mimi nilisogea pembeni. Mtu mmoja aliniambia, akipita, "Kwa hivyo wewe hujui hata unachouza?" Nikasema, "Sikujua." Sikuongeza kitu.

Lori la maziwa lilipofika shosho akamwendea. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alimwita kwa jina la utani ambalo nadhani mwalimu alikuwa akimwita, akamwambia, "Rudi nyumbani. Ng'ombe wamekukosa. Na mimi nimekukosea."

"Mama," akasema, "nilikuja kusikia. Nimesikia." Akashika mkono wake kwa mikono miwili, akaushikilia. "Nitakuja kukuona. Lakini kazi nimeshika ile ingine."

"Basi chukua hii kitu. Ni yako."

Alitazama darubini. Nikaona anataka. "Pale kwa malori ni vumbi tu, mama. Itaharibika. Iweke ndani. Uifunike."

Ile kofia ya gunia nilikuwa nimeifua. Nikamnyooshea. Akaichukua kwangu bila kunitazama, akaivisha, akafunga kamba.

Nilimwambia nashuka hadi Naivasha, naweza kumfikisha Mai Mahiu kabisa, pikapu ni tupu mbele. Akasema sawa. Nilifungua mlango wa mbele nikaondoa makaratasi kwenye kiti, nikakipangusa kwa mkono wa sweta. Nilipoinua kichwa alikuwa amepanda nyuma, ameketi katikati ya mabeseni, mgongo wake umeegemea ndoo.

"Mzee, kuna baridi huko. Kuja mbele."

"Niko sawa hapa."

Tulishuka hivyo, Gilgil, Naivasha, mpaka bonde likafunguka, kiti cha pembeni yangu kikiwa kitupu njia nzima. Nilijiambia nisimame nimwombe tena. Sikusimama. Pale kwa malori alipiga mkono kwenye bodi mara mbili, kama turnboy wa lori anayemwambia dereva asimame, akaruka chini. Nilikuwa nimeshusha dirisha kabisa, nimeweka mkono nje tayari kwa salamu. Alipita upande ule mwingine wa gari, akavuka barabara kati ya trela mbili, akachukua ndoo yake pale alipokuwa ameiacha.